Nembo ya Ukoo: Mwongozo Kamili wa Kuibuni, Kuichora na Kuipa Maana

Andika jina la ukoo lolote kwenye intaneti na utakuta duka lililo tayari kukuuzia "nembo" yake: ngao, simba wawili, utepe wa maneno ya Kilatini, na karatasi inayokueleza kwamba nyekundu ni ushujaa na buluu ni uaminifu. Usinunue. Huko Uingereza, ambako maduka hayo hupenda kujinasibisha, nembo haitolewi kwa jina. Hutolewa kwa mtu, na baada yake hurithiwa na wazao wake. Watu wawili wanaoitwa Smith wanaweza kuwa na nembo mbili zisizofanana hata kidogo, na Smith wa tatu asiwe nayo kabisa.

Mwongozo huu ni wa familia inayotaka nembo yake yenyewe, ya kuweka kwenye fulana za mkutano wa ukoo, kwenye muhuri, kitabu cha nasaba, kadi za harusi au jiwe la kaburi la babu. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni hili: maana ya nembo haitoki kwenye jedwali la rangi na wanyama. Inatoka kwenye jina la watu, kazi ya mikono yao na ardhi waliyoishi. Nembo isiyoweza kuelezwa na shangazi yako kwa sentensi tatu bado haijawa ya ukoo wenu.

Kabla ya kuanza: ilikotoka

Huko Ulaya desturi hii ilishika mizizi karne ya 12. Geoffrey wa Anjou, aliyefariki mwaka 1151, ameonyeshwa kwenye bamba la enameli huko Le Mans, Ufaransa, akiwa na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Mjukuu wake, William Longespée, aliyefariki mwaka 1226, amezikwa kanisa kuu la Salisbury, na sanamu iliyo juu ya kaburi lake imeshika ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu vilevile. Pambo la mtu mmoja lilikuwa limegeuka urithi. Mwaka 1484 Mfalme Richard III aliwapa wasimamizi wa nembo hati ya kuwa chombo kamili, na chombo hicho kipo London mpaka leo.

Lakini Ulaya haikuwa peke yake. Maamiri wa Misri zama za Wamamluki walichora alama za vyeo vyao kwenye taa za misikiti, vyombo na majengo: kikombe kwa mnyweshaji wa sultani, upanga kwa mbeba silaha, kasha la kalamu kwa katibu. Japani kila ukoo una alama yake, mara nyingi mmea mmoja ndani ya duara. Ya ukoo wa Tokugawa ni majani matatu tu. Wamasai walipaka ngao zao michoro iitwayo sirata, kwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, ili aliye mbali ajue hawa ni wa upande gani na rika gani. Na Buganda kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama, samaki au mmea ambao watu wa ukoo huo hawali, wa pili wake uitwao kabbiro, na mubala, mdundo wa ngoma wenye maneno ya ukoo. Wahaya nao wana miziro. Basi usijione unaiga Wazungu. Ngao ya kuchora ndiyo yenye sura ya Ulaya. Watu kujitambulisha kwa alama ya kurithi ni jambo letu la siku nyingi.

Hatua ya 1: Waulize wazee, na uandike

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Usianze na mchoraji. Anza na wazee, na usiwaulize "mnataka alama gani?" kwa sababu watajibu simba, na kila ukoo utakuwa na simba. Uliza mambo yanayoshikika:

- Jina la ukoo lilitoka wapi, na nani alilipata kwanza?
- Babu na bibi walifanya kazi gani, na walitumia vyombo gani?
- Tulihama kutoka wapi, tukapita wapi? Kuna mto, mlima, mti au kisiwa tunachokitaja tukisimulia?
- Ukoo una mwiko? Kuna mnyama tusiyemla au tusiyemuua?
- Ni maneno gani mzee fulani alikuwa hayamtoki mdomoni?
- Ukoo una milango mingapi, na kila mlango umetoka tumbo la nani?

Swali la vyombo ndilo lenye mavuno makubwa kuliko yote. Mtu akikumbuka tezo ya babu, ile ya kuchongea mbao, ilivyokuwa imelika mpini upande mmoja, hapo una alama ya kweli.

Ukipata kwamba kuna mwiko, uliza zaidi. Kuna wazee wasiopenda mnyama wa mwiko achorwe kwenye nguo ya kukalia, au achorwe akiwa amechomwa mkuki. Wakikataa, waheshimu. Na kama familia yenu ni ya Kiislamu isiyopendelea picha za viumbe wenye roho, hamjapungukiwa na kitu: nyota, mimea, mawimbi, majahazi na nakshi za milango ya Lamu na Unguja zinatosha kujaza ngao mia.

Kwa mfano wa kufuata hadi mwisho, tuchukue ukoo wa kubuni. Babu alikuwa fundi wa majahazi Pangani. Bibi alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Walizaa watoto watatu, na leo ukoo una milango mitatu, wengine Dar es Salaam, wengine Mombasa, wengine Muscat.

Hatua ya 2: Punguza

Utatoka kwa wazee na orodha ndefu: jahazi, mkonge, Mto Pangani, tezo, msikiti, mnazi, kitabu kwa ajili ya mjomba mwalimu, nyota kwa sababu baharini husafiri kwa nyota. Sasa kata. Ngao nzuri huwa na alama kuu moja, na ikizidi sana, aina nyingine moja ya alama. Huu ndio wakati wa ugomvi kwenye grupu la ukoo, maana kila mtu ana kitu chake anachotaka kiingie. Kanuni ninayoshauri ni kuuliza: kitu hiki ni cha wote, au ni cha mtu mmoja? Kitabu cha mjomba ni chake na watoto wake. Jahazi ni la wote.

Tazama jinsi wataalamu wanavyofanya. Mwaka 2011, kabla ya harusi ya Catherine na Prince William, familia ya Middleton ilipewa nembo iliyobuniwa chini ya Thomas Woodcock, msimamizi mkuu wa nembo London wakati huo. Ngao imegawanywa katikati, buluu na nyekundu, na mstari huo wa kati unachezea jina lenyewe, kwani silabi zake za mwanzo maana yake ni "katikati". Juu yake pana mshazari wa dhahabu wenye umbo la paa la nyumba: dhahabu hiyo ni ya mama, ambaye jina lake la ubini ni Goldsmith, yaani mfua dhahabu. Mistari miwili myembamba myeupe kandoni mwake ni milima ambayo familia hupenda kuitembelea. Kisha vijitawi vitatu vya mwaloni wenye njugu zake, kwa watoto watatu, na mwaloni ni mti wa sehemu walizokulia. Hakuna simba. Hakuna upanga. Kila kitu kina mwenyewe.

Kuchezea jina ni njia ya zamani na ya heshima. Nembo aliyopewa baba yake William Shakespeare mwaka 1596 ina mkuki, kwa sababu sehemu ya jina hilo ni mkuki. Ufalme wa Castile ulichora ngome na ule wa León ukachora simba kwa sababu hiyohiyo. Kama ninyi ni akina Nyundo, Mwamba, Ngoma au Tembo, kazi imeshakwisha nusu.

Hatua ya 3: Rangi

Rangi za ngao ni chache na hazina vivuli. Kuna metali mbili: dhahabu, ambayo unaweza kuichora njano, na fedha, ambayo kwa kawaida huwa nyeupe. Kuna rangi tano: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Sheria kuu ni moja: usiweke metali juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Jahazi la dhahabu juu ya buluu, sawa. Jahazi la kijani juu ya buluu, hapana. Nyota nyeupe juu ya njano, hapana.

Sababu ni macho tu. Njano na nyeupe hung'aa. Hizo nyingine zimekolea. Ukiweka kilichokolea juu ya kilichokolea, aliye hatua 30 haoni kitu. Angalia bendera mbili unazozijua. Ya Kenya ina nyeusi, nyekundu na kijani, lakini kati ya kila mbili umepita ukanda mwembamba mweupe. Ya Tanzania ina kijani, nyeusi na buluu, na mistari ya njano imezitenganisha. Kama alama yako na uga ulio nyuma yake vyote ni vya rangi iliyokolea, zungushia alama ukingo mwembamba wa njano au mweupe na tatizo limeisha. Ufalme wa Yerusalemu wa wapiganaji wa msalaba ulivunja sheria hii waziwazi, misalaba ya dhahabu juu ya fedha, na umetajwa kwa hilo karne zote. Si mfano wa kuanzia.

Kuhusu maana ya rangi, nitasema bila kuuma maneno: majedwali yanayosambaa ni ya kubuni baada ya tukio. Ngao zilikuwepo kwanza, wafasiri wakaja baadaye, na hawakubaliani wao kwa wao. Utaambiwa nyeusi ni majonzi. Kwenye bendera ya Kenya na ya Tanzania nyeusi ni watu, wananchi wenyewe. Kijani ni ardhi na mimea yake. Njano ya Tanzania ni madini, buluu ni maji. Maana inatoka kwa mwenye bendera, na maana ya rangi zenu itatoka kwenu. Muhimu iandikwe.

Ukoo wetu wa mfano umechagua uga wa buluu kwa bahari, dhahabu kwa jahazi, na nyeupe yenye kijani kwa mkonge: kijani cha jani na weupe wa singa zikianikwa.

Hatua ya 4: Gawa ngao

Uga ni eneo lote la ngao lililo nyuma ya alama. Unaweza kuuacha mzima, na mara nyingi ndivyo inavyopendeza. Ukitaka kuugawa, una njia zinazotosha: mstari wima katikati, mstari mlalo, mshazari, robo nne, mawimbi. Au uweke mkanda mpana: wa juu, ambao nitauita paji, wa wima, wa mlalo, wa kukata kona kwa kona, au wa paa la nyumba. Mkanda wa mawimbi meupe na buluu ndiyo njia ya kawaida ya kuonyesha maji, na sehemu ya chini ya ngao ya Tanzania imefanya hivyo.

Nembo hiyo ya Tanzania, iitwayo Bwana na Bibi, inafaa kusomwa kwa makini na mtu yeyote anayebuni. Mwenge, mkuki, shoka na jembe, pembe za ndovu, Kilimanjaro, mkarafuu na mpamba miguuni mwa mtu na mkewe: vyote vinaonekana nchini kwa macho. Ila ni nembo ya taifa, ina mengi ya kubeba. Familia ikijaza vitu kiasi hicho itapata picha isiyosomeka kwenye muhuri.

Ukumbuke pande. Upande wa kulia wa ngao ni kulia kwa aliyeishika, si kwako unayetazama. Kwa hiyo mnyama au chombo huelekea upande huo, yaani kushoto kwa mtazamaji.

Hatua ya 5: Andika maelezo kabla ya kuchora

Hatua hii inarukwa na wengi, na ndiyo roho ya kazi. Nembo halisi ni maandishi. Mchoro ni namna moja ya kuyatekeleza. Wachoraji kumi wakipewa maelezo yaleyale watachora majahazi kumi tofauti, na yote yatakuwa nembo ya ukoo huo. Ndiyo maana nembo haipotei karatasi ikiungua.

Taja uga kwanza, kisha alama kuu, kisha vinavyoizunguka, mwisho vilivyo juu ya paji. Taja rangi ya kila kitu na idadi. Ya ukoo wetu itakuwa hivi:

*Ngao ya buluu, yenye jahazi la dhahabu lililotweka tanga. Paji jeupe, lenye mikonge mitatu ya kijani iliyopangwa safu moja.*

Basi. Pima kwa sheria ya rangi: dhahabu juu ya buluu, sawa, kijani juu ya nyeupe, sawa, paji jeupe juu ya uga wa buluu, sawa. Kando ya maelezo haya, kwenye karatasi nyingine, andika maana: jahazi ni kazi ya babu, mkonge ni jasho la bibi, na idadi tatu ni milango ya ukoo. Vitenganishe, kwa sababu maelezo ya nembo hayabadiliki, ilhali wajukuu wataongeza maana zao.

Kisha hakikisha hamjamwiga mtu. Mwaka 1385 mashujaa wawili wa Uingereza, Scrope na Grosvenor, walikutana kwenye msafara wa vita huko Scotland na ngao moja: buluu yenye mkanda wa dhahabu wa kona kwa kona. Kesi ilichukua miaka, mashahidi wakaitwa kwa mamia, akiwemo mshairi Geoffrey Chaucer aliyetoa ushahidi mwaka 1386. Scrope alishinda. Grosvenor akachukua mganda wa ngano wa dhahabu juu ya buluu, ambao wazao wake wanautumia mpaka sasa. Siku hizi tafuta picha kwenye simu, na uangalie nembo za mikoa, vyuo, timu na koo za jirani.

Hatua ya 6: Chora

Chukua karatasi, rula na bikari. Piga mstari mlalo wa sentimita 12. Huo ni ukingo wa juu. Kutoka kila ncha teremsha mstari wima wa sentimita 3. Fungua bikari sentimita 12, chomeka sindano mwisho wa mstari wima wa kushoto, na uanze kuzungusha penseli kutoka mwisho wa mstari wa kulia kwenda chini. Hamishia sindano kulia, urudie. Matao mawili yatakutana katikati chini, na utakuwa na ngao safi yenye kimo cha sentimita 13.4 hivi. Kama mnataka umbo la nyumbani, ngao ndefu iliyochongoka juu na chini kama ile ya Kimasai kwenye bendera ya Kenya inakubalika kabisa. Nembo haifungwi na umbo la ngao.

Paji lichukue sentimita 4 za juu. Zilizobaki ni za jahazi, na jahazi lijaze nafasi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni alama ndogo inayoelea katikati ya uga mtupu. Omo, yaani mbele ya chombo, ielekee kushoto kwako. Mlingoti uinamie mbele kidogo, foromali, ule mti unaobeba tanga, ipande kwa mshazari, ncha ya chini ikiwa upande wa omo na ya juu upande wa tezi, yaani nyuma, na tanga lifure. Usichore kila kamba, wala mbao moja moja. Acha mstari mwembamba wa buluu kati ya tanga na mwili wa chombo ili visishikane vikawa donge la njano. Mkonge nao: majani saba au tisa, magumu, yenye ncha, yakitawanyika kutoka shina moja. Yarefushe na kuyanenepesha kuliko ya kweli. Ukichora mkonge kama picha ya kamera, kwa mbali utaonekana nyasi.

Rangi ziwe bapa, bila kufifisha na bila kung'arisha kama bati. Ukimaliza kwa mkono, mpelekee mtu wa grafiki atengeneze faili la vekta, ambalo likikuzwa hadi ukubwa wa bango halivunjiki. Kubalianeni kwa maandishi kwamba hakimiliki ya mchoro inahamia kwa ukoo, na muombe faili lenyewe, si picha ya kutumwa kwa simu tu.

Hatua ya 7: Vilivyo nje ya ngao

Kofia ya chuma, vitambaa vinavyopepea, taji, wanyama wa kushika ngao: hivi ndivyo maduka hupenda kuvijaza. Huko Ulaya mataji ni ya vyeo, na Uingereza washika ngao hawapewi familia ya kawaida. Mimi nashauri mviache vyote. Kama mnataka kitu juu ya ngao, wekeni kimoja chenye maana, kwa ukoo wetu tezo na keekee (ya kutobolea mbao) zilizopishana.

Kaulimbiu ndiyo inayostahili muda wenu. Ifikirie kama jina la kanga: fupi, ya kusomeka, yenye mlango wa nyuma wa maana. Tafuta kwanza kwenye vinywa vya wazee, au kwenye methali. Ukoo wa fundi wa majahazi una methali yake tayari: *Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.* Ngama ni kule chini chomboni maji yanakokusanyika. Utembee mbele na nyuma ya chombo, hatimaye utashuka huko. Kwa watu waliotawanyika Dar, Mombasa na Muscat, maneno mawili yanatosha kwenye utepe: *Marejeo ngamani.* Ikiwa lugha ya ukoo ni Kisambaa, Kikamba au Kiganda, tumieni hiyo bila kusita. Kilatini kiacheni kwa wenyewe.

Hatua ya 8: Jaribu

Ipunguze hadi upana wa sentimita 2, saizi ya muhuri. Mikonge inahesabika? Ibandike ukutani, rudi nyuma hatua 20. Jahazi bado ni jahazi? Mpe mtoto wa darasa la tatu aitazame kidogo, uifunike, aichore. Akikosa kitu, kitu hicho pengine kimezidi. Mpelekee fundi wa kudarizi akuambie ni wapi nyuzi zitagoma. Ncha nyembamba za majani ndizo huwa za kwanza.

Kwa muhuri na magazeti ya rangi moja kuna mbinu iliyoenezwa na padri Silvester Petra Sancta mwaka 1638: dhahabu ni nukta, fedha ni wazi, nyekundu ni mistari ya wima, buluu ni ya mlalo, kijani ni ya mshazari kutoka juu kushoto kwa mtazamaji kwenda chini kulia, nyeusi ni mistari ya wima na mlalo iliyopishana. Mchonga muhuri yeyote anaweza kuifuata.

Hatua ya 9: Sheria na kumbukumbu

Kuna alama usizogusa. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe na hilali nyekundu juu ya nyeupe vinalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Nembo za taifa zinalindwa na sheria za Kenya na Tanzania. Mlima mnaweza kuuchora, ngao ya taifa msiinakili.

Kenya ina chombo cha kisheria cha kuidhinisha nembo, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, Sura ya 98. Afrika Kusini ina ofisi ya nembo iliyoanza mwaka 1963, na Kanada iliunda yake mwaka 1988. Ndugu walio na uraia wa Kanada wanaweza kuomba huko. Scotland iko chini ya Lord Lyon, msimamizi mkuu wa nembo wa huko, na huko kutumia nembo isiyosajiliwa ni kosa la jinai, hivyo jihadharini mkiishi Edinburgh au Glasgow. Mchoro wenyewe, kama kazi ya sanaa, mnaweza kuupeleka kwenye taasisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya.

Kisha kikao cha ukoo kiipitishe, na muhtasari uwe na maelezo ya nembo, maana zake, tarehe, na saini za wazee wa kila mlango. Kila mlango ubaki na nakala.

Hatua ya 10: Nani anairithi

Liamueni siku hiyohiyo. Desturi ya Kiingereza hupitisha nembo kwa wana wa kiume, na kila mtoto huongeza alama ndogo kwa nafasi yake ya kuzaliwa: wa pili hilali, wa tatu nyota. Ninyi hamfungwi na hilo. Waluguru, Wayao na Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama. Kwao nembo inayopita kwa baba tu ingewatoa nje watu wa ukoo wenyewe. Andikeni wazi kama watoto wa mabinti wanaibeba. Kwangu jibu ni ndiyo. Milango mitatu inaweza kutofautishwa kwa ukingo wa kuzunguka ngao: mmoja mweupe, mmoja wa dhahabu, na mlango wa mkubwa uache ngao bila ukingo.

Mtoto wa ukoo akioa au kuolewa na mwenye nembo, ngao moja hugawanywa wima: ya mume kushoto kwa mtazamaji, ya mke kulia. Nembo zenye mengi hubanana zikifanywa hivyo, na kwa kadi au kanga ya harusi ni afadhali ngao mbili zisimame bega kwa bega. Hapo kuna adabu ya zamani ya nchi za Kijerumani: alama ya ngao ya kushoto hugeuzwa ili isiipe mwenzake mgongo. Kwa hiyo siku ngao yenu inapowekwa upande huo, omo ya jahazi ielekee kulia. Mwambie mpiga chapa ageuze jahazi peke yake, asije akageuza na maneno ya utepe.